Fungu Lililozidi

Katika hoteli niliyofanyia kazi Kitale, bakshishi haikuwa mali ya aliyepewa. Chochote mteja alichoacha kwenye sahani kilitumbukizwa ndani ya birika kuukuu lililovunjika mdomo. Shughuli za chakula cha mchana zikishapita, wingu la Mlima Elgon likiwa limeshuka hadi kwenye mapaa, mpishi wetu alilimwaga birika juu ya sinia na kutugawia. Hakuuliza tuko wangapi. Alituangalia tulivyosimama, na kwa kila uso akaweka fungu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikisubiri kazi inayofanana na shahada yangu, na utaratibu ule uliniudhi.

Kisha mwenzetu mmoja akafa. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Chwele, aliyehudumu meza za dirishani. Homa ilimchukua msimu wa kupanda mahindi, akamwacha binti yake wa chekechea kwa mama yake mzazi. Tulichanga, tukatuma. Yule mama akaturudishia mchango wote kwa simu siku iyo hiyo. Alisema hakumlea binti yake kwa huruma ya watu, na hataanza na mjukuu.

Siku tuliyorudi kazini baada ya mazishi, mpishi aligawa, kila mtu akachukua lake, na fungu moja likabaki kwenye sinia.

"Nani hajachukua?" akauliza.

Sote tulikuwa tumechukua.

"Ni mazoea tu, mama," nikamwambia. "Mkono wako bado unamhesabu."

"Haya, gawa wewe msomi tuone."

Nikagawa mimi. Likabaki moja. Kesho yake nilihesabu watu kwanza, kwa sauti, nikimgusa kila mmoja begani. Muosha vyombo akahesabu nyuma yangu, akapata kama nilivyopata. Tukapanga mafungu kwa idadi hiyo, tukachukua, na moja likabaki. Hakuna aliyecheka. Nilijieleza kwamba akili ikishazoea idadi fulani huing'ang'ania, hata macho yakisema vingine. Ni maelezo mazuri, na niliyaamini kila siku mpaka saa ya sinia ilipofika.

Jambo lililonikosesha raha ni jingine. Tulipojipanga kugawiwa tulisimama nusu duara, na upande wa dirishani tukaacha nafasi ya mtu mmoja. Hatukuwa tumeambizana. Siku moja nilijisukuma makusudi hadi pale, nikasimama. Dakika haikuisha nikajikuta nimerudi nilipokuwa, nikiwa nimemkanyaga muosha vyombo mguu.

"Si ungekaa hukohuko?" akaninong'oneza. "Ama umefukuzwa?"

Mpishi kwao ni Kabuchai. Akawa anapitia Chwele kila akienda nyumbani na kumpelekea yule mama mafungu yaliyobaki. Hayo yalipokelewa. Yule mama alisema hayo ni ya kazi ya mtoto wake, hajapewa na mtu. Ndiyo yaliyomweka mjukuu shuleni, kwa sababu hapakuwa na kingine.

Ndipo mwenye hoteli akatuita. Mhasibu wake alikuwa amemwambia bakshishi ni mapato kama mshahara. Kuanzia mwezi ule birika lingeingia ofisini, angegawa yeye mwenyewe, na kila mtu angekatwa kodi yake.

"Lakini bosi, kwa redio wanasema kuna nchi wameacha kukata kodi ya bakshishi," akasema mhudumu wa meza za mlangoni. "Si hata sisi tuachiwe, bana?"

"Basi enda uwapikie chapati huko."

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyezoea kubisha. Nikawasaliti. Nilisema mwalimu wa shule kule Ndalu anakatwa kodi na hakuna mtu anayemwachia kitu kwenye sahani. Kwa nini pesa yangu isamehewe kwa sababu tu imekuja na tabasamu? Naamini hivyo mpaka leo.

"Na yeye?" mpishi akauliza.

"Yeye nani?" mwenye hoteli akasema.

Hakuna aliyewahi kumweleza habari za sinia, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Lakini sote tulielewa. Marehemu hana mshahara wa kuongezewa kitu, kwa hiyo ofisini hatakuwa na fungu. Na tukimchangia mtoto kutoka mifukoni mwetu, bibi yake atarudisha, na muhula unaofuata mtoto atakaa nyumbani.

Mwisho wa mwezi mwenye hoteli alitoka ofisini na bahasha. Ofisi yake ina kioo kinachotazama ukumbini, na mchana ule nilikuwa nimemwona amesimama nyuma ya kioo, midomo ikicheza, akituhesabu. Akagawa bahasha kwa mkono wake. Moja ikambakia.

"Nani hayuko?"

"Wote tuko, bosi."

Akaanza kuhesabu upya, akituelekezea kidole mmoja mmoja. Kidole kilipofika upande wa dirishani kilisimama hewani, palipokuwa patupu, halafu kikaendelea.

"Niliwahesabu vizuri," akasema polepole. "Hapo kulikuwa na mtu."

"Hapo wapi?" nikauliza.

Akaonyesha. Mpishi akavuta leso yake akajifunika mabega, ingawa mle ndani kulikuwa na joto.

Mwenye hoteli aliigeuza ile bahasha mara kadhaa. Zetu alikuwa ameshazikata kodi. "Hii ilinishinda," akasema. "Nilitafuta ni ya nani nimkate, sikupata." Akaiweka juu ya kaunta, mbali kidogo na mkono wake. "Iondoeni hapa. Iende vile iko."

Hivyo ndivyo bakshishi ya mtu mmoja Kitale ilivyosamehewa kodi. Sisi tulio hai tulikatwa.

Mpishi alikuwa amevimba mguu, kwa hiyo nilitumwa mimi. Nilimkuta yule mama Chwele siku ya soko, ameketi nyuma ya vitunguu vyake huku mbuzi wakishushwa kutoka kwenye pikapu. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamnyooshea bahasha. Hakuishika.

"Ni yake, ama ni yenu?"

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha jibu la kweli: mtu mmoja alihesabu watu kupitia kioo, na kioo kina vivuli. Lakini nilipotaka kulisema niliona halimjibu. Hakuwa ameniuliza ilivyotokea. Na katika sisi sote hakuna aliyepunguza chake kwa kumhurumia.

"Ni yake, mama."

Akanitazama machoni. "Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini alihesabiwa."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la leso. Mteja akauliza bei ya vitunguu, akamjibu, akampimia, akamrudishia chenji. Kisha akanigeukia kana kwamba mazungumzo hayakukatika.

"Basi ukirudi huko mwambie kwamba mtoto wake siku hizi anasoma mwenyewe. Hata ubao wa duka anasoma."

Nikasema nitamwambia. Nilibaki nimesimama kando ya vitunguu, nikijiuliza nitasema nikiwa nimeangalia wapi.