Mkia wa Kaseti ya Kwaya

Kaseti ilikuwa na karatasi iliyotafunwa katika matundu yake mawili ya juu. Hivyo ndivyo kwaya ya mama ilivyorekodi kambini Uganda. Kaseti tupu hazikupatikana, basi walichukua ya dansi iliyochoka, wakaziba matundu ili redio ikubali kurekodi, wakaimba juu ya muziki wa watu.

Nilinunua redio kuukuu sokoni Custom, nikaihamishia kaseti yote kwenye kompyuta yangu, nyumbani mtaa wa Nyakuron. Jumapili kanisa lingemkumbuka mama mkubwa, dada yake mama, mwimbishaji wa kwaya ile, ambaye hakuwahi kurudi kutoka uhamishoni. Wimbo wake ungepigwa, na jina lake lingeonekana ukutani kwa projekta.

Programu ya kupanga nyimbo ikautambua wimbo bila kuombwa, ikaubandikia jina la bendi na picha yake. Mama akavaa miwani.

“Hawa wanaume ni nani?”

Nikamwambia kompyuta inasema ndio walioimba.

“Kambini hatukuwa na wanaume wa suti nyeupe, mwanangu. Tulikuwa na mahindi.”

Nikafuta, nikaandika jina la mama mkubwa. Asubuhi programu ilipokagua tena maktaba, suti nyeupe zikarudi. Mama akasema wamerudi kama wageni walioonja mchuzi.

Niliilaumu programu siku nzima. Mama ndiye aliyeniambia nisizime wimbo ukiisha, nisubiri. Baada ya amina ya mwisho mtu alicheka, redio ikakatwa, kisha likaibuka gitaa. Kwaya ilikuwa imemaliza kabla ya dansi la zamani kwisha. Mashine ilikuwa imeutambua mkia huo, ikauvisha wimbo mzima.

Nikataka kuukata na kuutupa.

“Usitupe,” mama alisema. “Dada alikuwa anaucheza huo, tukishakunja vitabu.”

Basi nikautenga mkia peke yake, nikawaachia wale wanaume jina lao. Kwenye wimbo sikubuni kitu. Kwaya zetu za uhamishoni hazikuanza kuimba kabla kila mtu hajataja jina lake, la baba yake na la kijiji alichokikimbia. Nikaandika kama mama mkubwa alivyojitaja kwenye kaseti, yote matatu, kisha nikayafunga ili programu isiyaguse tena.

Jumapili jina lilipotokea ukutani, mama alisimama. Hakuna aliyemwambia. Wazee wanne walioimba naye kambini wakasimama pia, na sauti ya mama mkubwa ikajaza kanisa hadi kwenye mabati. Mimi ni mwandishi; kurasa zangu zimewahi kusomwa mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Sikuwahi kujiona mrefu kama siku ile, nikiwa nyuma kabisa, nikishika waya wa spika.

Tulipotoka uani kunywa chai, mama akanivuta mkono. “Kalas, yatosha, tumeshalia. Sasa tupigie lile gitaa.”

Nikalipiga. Wazee wakaweka vikombe chini.