Chumvi ya kulainisha maji imeishia kwenye sombe

Leo shangazi yangu amegawa kilo nane za chumvi yangu bila kuniuliza.

Maji ya forage yetu, kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, iko na chokaa nyingi, sabuni haitoi povu. Ndiyo maana nilijinunulia mashine ya kulainisha maji. Punje zake ndogo zinanasa chokaa na kuachia chumvi kidogo mahali pake. Zikijaa, unaziosha kwa maji ya chumvi, zinaanza upya.

Leo zilijaa, na kanzu ya arusi ya mdogo wangu inasubiri kufuliwa. Nafungua ndoo ya chumvi: tupu.

"Nimegawia majirani watie kwenye sombe," akasema shangazi, mgeni wetu kutoka Kabambare. "Mutu mumoja anaficha chumvi yote hii?"

"Ni ya mashine, shangazi."

"Mashine ikule chumvi, batu wakose?"

Nikampa beseni, sabuni na ile kanzu.

Akasugua mara tatu. Povu hakuna, utando wa kijivu tu.

Akakaza kitenge, akabeba ndoo, akapita nyumba kumi na moja. Amerudi na kilo tano na nusu.

Zimetosha kuosha zile punje. Kanzu iko kwenye kamba, nyeupe.

Ninyi wa zile kilo mbili na nusu, andikeni hapa: sombe yenu, yale majani ya muhogo, ilikolea?