Tunakuona Vizuri Tu

Timu yetu ya netiboli, wote wauguzi na walezi wa wazee, ilikuwa ikicheza Perry Barr, hapa Birmingham, kila Jumamosi, na akina mama walijaa uwanjani wakipiga vigelegele mpaka wapinzani wanachanganyikiwa. Kisha mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania akaanza kurusha mechi mubashara kwa simu yake. Watu wakabaki majumbani na mablanketi yao, sisi tukicheza kwenye baridi mbele ya viti vitupu. Nilipomlalamikia, alicheka.

"Dada, wasiwasi wa nini? Wanawaona vizuri tu."

Sikusahau.

Mwaka huu alikodi ukumbi Balsall Heath kusherehekea miaka yake hamsini, akatangaza kwamba sherehe nayo itarushwa mubashara kwa ajili ya ndugu zake wa Dar. Nikawapigia wenzangu wote na wale akina mama: asiende mtu, tutamtazama kwenye simu.

Siku yenyewe nilijilaza kwenye kochi na chai yangu. Nikamwona amevaa suti mpya, nyuma yake masufuria ya pilau hayajaguswa. Akaisogelea kamera, jasho likimtoka.

"Jamani, mko wapi?"

Nikamwandikia: "Kaka, wasiwasi wa nini? Tunakuona vizuri tu."