Haradali Niliyoisaga Kavu

Mke wangu alikuwa ametimiza siku tisa bila kula chochote ila uji, na huo aliunywa kwa kubembelezwa. Asubuhi ya siku ya kumi, hapa nyumbani kwetu Kitale, alifumbua macho akasema, "Mwalimu, nataka samaki wa haradali. Kama wa mama." Nilimwuliza mara mbili ili nihakikishe. Tangu arudishwe kutoka hospitali sikuwa nimemsikia akitamani kitu.

Mama yake, marehemu sasa, alikuwa Mbengali, mtu wa asili ya Bara Hindi, aliyeishi karibu na msikiti, Bungoma mjini. Samaki wa kwao hawakupatikana huku, kwa hiyo alitumia ngege wa Ziwa. Nilikila chakula hicho miaka mingi, wala sikuwahi kuingia jikoni kutazama kinavyopikwa.

Nikampigia simu shemeji yangu, dada ya mke wangu, ambaye bado yuko Bungoma.

"Iloweke haradali kwanza, shemeji, kisha uisage pamoja na chumvi na pilipili mbichi. Ukiisaga peke yake itakuwa chungu."

"Umewahi kuisaga bila chumvi ukaona?"

"Mimi? Ya nini? Mama ndiye alisema."

"Na mama aliambiwa na nani?"

Alicheka. "Wewe! Hata maji ukiambiwa yamechemka, utataka kwanza uonyeshwe moto. Tia chumvi, bana."

Nilifundisha kemia hadi nilipostaafu, na sikuona ni kwa njia gani chumvi ingezuia uchungu. Nikayahesabu maneno yale kuwa ya kupokezana tu. Nikaisaga haradali kavu, peke yake, muda mrefu, mpaka ikawa laini kabisa. Ngege nikampaka manjano, nikamkaanga kidogo, nikaikoroga haradali ile kwa maji, nikamimina rojo yake, nikafunika. Harufu ilipofika chumbani, nilimsikia mke wangu akijikokota ili aketi. Kwa haraka ya kumpelekea, sikuonja.

Nilimlisha kwa mkono wangu: wali kidogo na kipande nilichokitoa miiba. Alitafuna mara moja, akakunja uso, akakitema kiganjani mwangu.

"Chungu," alisema, bila hasira.

Nikaonja. Kilikuwa chungu kama shubiri. Alisukutua kinywa kwa maji, akageukia ukuta.

Kesho yake niliiloweka haradali, nikaisaga kwa chumvi na pilipili mbichi, na safari hii nikaonja kila hatua. Ilikuwa kali, haikuwa chungu. Nilipomfikishia sahani alinusa, uso ukalegea.

"Hii ndiyo yenyewe. Lakini leo tumbo limekataa, Mwalimu. Njaa nilikuwa nayo jana."

Nilimsogezea tonge hata hivyo. Akatikisa kichwa.

"Kula wewe. Kula hapa hapa, nikuone."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikala. Usingizi ulimchukua kabla sijafika nusu ya sahani. Sikuinuka. Niliendelea kutafuna polepole, nikichambua mwiba mmoja mmoja, mpaka pakabaki mifupa mitupu.