Paka Aliyerudi Chilangala

Katika riwaya ninayoisoma wiki hii kuna mjane wa mtemi. Mumewe ameuawa vitani, na ndugu wa mume wamekuja kumtoa ikulu. Mwandishi amempa maneno mazito ya kusema mlangoni, watumishi wanalia kwa sauti, na hata mvua imeambiwa inyeshe saa ileile. Nilipofika hapo nilikitupa kitabu sakafuni. Baadaye nilikiokota nikakifuta vumbi, kwa sababu mchana ni mrefu na sina kazi nyingine.

Ninakaa katika chumba cha kupanga Newala mjini, uani kwa mama mmoja muuza vitenge. Nina kitanda, meza, jiko la mkaa, ndoo za maji, na vitabu nilivyovipanga chini kando ya ukuta kwa sababu kabati halikuja nami. Nimestaafu. Nilifundisha historia sekondari tangu nikiwa msichana mwembamba aliyeletwa huku kutoka Njombe na sweta lake, akashangaa jua. Zamani zile sikuwa na hamu na riwaya za kihistoria. Niliziona ni uongo uliovalishwa kanzu. Sasa ndizo chakula changu. Mdogo wangu hunitumia kwa basi, na nikienda Masasi kupimwa macho hupita stendi kwa bwana mmoja anayetandika vitabu vya mitumba juu ya turubai, nikachagua vyenye wafalme na vita. Ninachokitafuta humo ninakijua. Natafuta mtu aliyepoteza kila kitu kwa sababu ya adabu. Bado sijampata.

Mume wangu alikuwa Mmakonde wa Chilangala, fundi wa mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Msimu wa salfa ulipoanza, uwanja wetu ulijaa mashine mbovu na wenye mashine, nami nilizoea kufua mashati yenye unga wa njano usiotoka. Nyumba aliijenga mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye ardhi ya ukoo wao. Chini ya baraza alichimba tangi la kuvunia maji ya mvua, na mtu aliyewahi kuishi huku juu uwandani, ambako maji ni ya shida, anaelewa kwamba mwanamume aliyekuchimbia tangi hana haja ya kukuandikia barua za mapenzi. Mtoto hatukupata. Tulihangaika, tukachoka, tukanyamaza.

Paka alikuja baadaye. Mume wangu alimtoa katika ghala la korosho, mdogo wa kuenea mfukoni, mwenye madoa meusi na meupe na sikio moja lililopasuka. Hatukumpa jina, tulimwita Paka tu. Alilala kwenye mfuko wa spana na bisibisi. Asubuhi alimsindikiza bwana wake mpaka mkorosho wa mwisho wa mpaka wetu, akakaa pale, hakuongeza hata hatua moja. Kwangu alikuwa na tabia nyingine ya kuudhi. Nikifungua kitabu, huja akajilaza juu ya ukurasa uleule ninaousoma, na nikimsukuma ananitazama kama mkaguzi wa shule. Mume wangu alicheka sana. Alisema paka ndiye mtu pekee nyumbani mle anayeweza kumnyamazisha mwalimu.

Kikohozi kilipoanza tulisema ni salfa. Haikuwa salfa. Masika iliyopita nilimzika.

Sasa nieleze kilichotokea siku ya arobaini, na nitaeleza polepole. Kwa Wamakonde wa huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume mara nyingi huwaendea watoto wa dada zake. Hilo nilikuwa nalijua. Sheria ya nchi pia ninaijua, msije mkanifundisha. Lakini hakuna aliyekuja kunifukuza. Watu wangependa kusikia kwamba wakwe zangu walikuwa waovu, ili wapate wa kumlaumu, nami ningependa hivyo zaidi yao. Hawakuwa waovu.

Baada ya sala na chakula tuliketi barazani. Mjomba mkubwa wa ukoo, mzee mwenye sauti ndogo, alinigeukia mbele ya watu wote.

"Mwalimu," akasema, "tumekaa, tumezungumza. Wewe ni mtu wetu. Katika vitu vya marehemu, wewe unataka nini?"

Kwetu, kwa jinsi nilivyolelewa, mfiwa akiulizwa hivyo anakataa. Anasema hahitaji kitu. Ndipo shangazi mmoja anamwuliza, "Hata nyumba?" Anakataa tena. Mwingine anamwuliza, "Hata shamba, hata vyombo ulivyopikia?" Hapo ndipo mfiwa huangua kilio na kukubali, na watu humpa kwa moyo mweupe kwa sababu hakuonekana mwenye tamaa. Nilimwona mama yangu akifanya hivyo nikiwa mdogo. Sikuwaza mara mbili. Niliinamisha kichwa nikajibu:

"Sihitaji kitu, baba. Vitabu vyangu na paka wangu vinanitosha."

Nikasubiri swali la pili.

Mzee aliwatazama watu waliokaa, mmoja baada ya mwingine. "Mmesikia," akasema.

"Tumesikia," wakajibu.

Basi. Wifi yangu mkubwa akainuka kuleta chai.

Huku mtu mzima akiulizwa mbele ya ukoo, anasema analolitaka, na alilosema limekwisha. Kumwuliza tena ni kumwona mtoto au mwongo. Wao waliniheshimu. Mimi nimehudhuria arobaini nyingi sana katika uwanda huu, lakini mambo hayo yanapozungumzwa barazani, mimi siku zote nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine, mikono kwenye masufuria. Nilijua wanaweka nazi kiasi gani kwenye mchele. Jinsi wanavyogawana nyumba sikuwahi kusikia hata siku moja. Nilikaa na kikombe cha chai mkononi, nikiona watu wanaanza kuzungumzia mvua. Ningesema nini? Kwamba nilisema uongo kwenye arobaini ya mume wangu, ila ulikuwa uongo wa adabu?

Wiki zilizofuata walinisubiri kwa upole, nami kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Sikusema. Mpwa wa mume wangu, mtoto wa wifi mkubwa, ambaye nyumba sasa ilikuwa yake, alikuja kuniamkia kila siku, shikamoo Mama, marahaba baba, na mkewe aliniletea mihogo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitahama lini. Jeuri yangu ndiyo iliyonihamisha. Mwisho wa mvua nilipakia vitabu kwenye viroba, paka nikamtia kikapuni na kumfunika na kanga, asione njia. Wifi alinikumbatia akalia kweli. "Wewe mwanamke una moyo mkubwa," akaniambia, "sijaona mtu asiye na tamaa kama wewe." Nilitamani ardhi inimeze.

Katika chumba hiki paka alinigomea. Alilia mlangoni mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama ninamtesa. Dagaa alinusa akawaacha. Nikifungua kitabu nilimwekea ukurasa wazi kabisa, nikampapasia mahali pa kulala, na yeye akaketi kwenye kona ya mbali akiwa amenipa mgongo. Nilikuwa ninasoma habari za mateka waliotembezwa kutoka bara mpaka pwani, na mwandishi alieleza vizuri jinsi walivyogeuka nyuma kutazama milima yao. Niliinua macho nikamwona paka. Nilijisikia mtu mbaya sana, lakini mlango sikuufungua. Alikuwa ndiye kiumbe pekee aliyebaki anayeijua sauti ya mume wangu. Nikimpoteza yeye, niliyobaki nayo yote yangekuwa karatasi.

Siku moja nilikwenda kuchota maji, nikarudi nikakuta dirisha lina upenyo.

Nilimtafuta mjini kote. Niliuliza sokoni, kwa wauza samaki wakavu, kwenye mabanda ya mama lishe. Nilitembea nikiita "nyau, nyau" kama mtu aliyerukwa na akili, na wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima sasa wenye maduka, waliniamkia kwa heshima halafu wakaangalia pembeni. Mama mwenye nyumba alinitania. "Mwalimu, wewe unamlilia paka kuliko wengine tunavyolilia waume." Nilimjibu ndiyo, ninamlilia. Hakutania tena.

Nilikuwa nimeshakata tamaa mpwa aliponipigia simu.

"Shikamoo Mama. Paka wako yupo huku nyumbani."

Sikumaliza hata kuitikia vizuri. Nilitafuta kikapu, nikavaa viatu, nikamwita bodaboda. Njia nzima mikorosho ilikuwa inapulizwa, mashine zinanguruma kila upande, na wingu la njano limetanda kati ya miti. Nilifumba macho nikavuta harufu ile mpaka kifua kikauma. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilipanga nitamnunulia dagaa wabichi kama wapo, nitaziba dirisha, nitamfungia ndani mpaka azoee. Nilipanga hata kumsomea kwa sauti.

Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa upya, na ilipendeza. Sebuleni, mahali lilipokuwa kabati langu la vitabu, palipangwa mifuko ya salfa. Mke wa mpwa alinipokea kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akanivutia kiti kizuri na kukifuta kwa upindo wa kanga yake.

"Yupo chumbani, Mama," akasema. "Amezaa."

Sikuwa nimejua ana mimba. Nilikaa naye chumba kimoja, ninasoma habari za malkia, na sikuona.

Alikuwa ndani ya tenga la kuvunia korosho, kwenye kona, chini ya dirisha ambalo mume wangu alizoea kuegemea akinyoa ndevu. Watoto walikuwa wamebanana tumboni mwake, macho bado yamefumba. Binti mdogo wa mpwa alikuwa amechuchumaa kando, amemwekea mkono mgongoni, na paka anakoroma kwa raha. Sikuwa nimesikia mkoromo ule tangu masika. Nikachuchumaa nami. Nilimwita kwa sauti ya chini. Nikapeleka mkono.

Alilaza masikio. Alifunua meno akanitemea pumzi kali, na manyoya yote ya mgongoni yakasimama. Niliurudisha mkono. Nikaupeleka tena polepole, nikidhani hajanitambua, pengine ni harufu ya mkaa, pengine ni salfa ya njiani. Safari hii alinikwaruza, na damu ikatoka.

"Pole, Mama, pole," mke wa mpwa akasema, akinivuta bega kwa upole. "Usimshike sasa hivi. Sisi ametuzoea. Ila akishazaa hapendi wageni."

Hakuwa na ubaya wowote. Alilisema kama mtu anavyosema chungu bado kina moto. Alinileta sebuleni, akaniosha mkono kwa maji ya tangi, maji yale baridi ninayoyajua kwa ulimi, akanifunga kitambaa. Nikanywa chai. Nikapewa korosho zilizobanguliwa, nyeupe, nzima nzima, zile wanazochagulia mtu anayesafiri. Mpwa alirudi shambani amejaa unga wa njano mpaka kwenye kope, nikashtuka, kwa sababu kwa mbali mlangoni alikuwa amesimama kama mjomba wake, mume wangu. Aliniahidi watoto wa paka wakikua ataniletea mmoja. "Utamzoeza mwenyewe, Mama, tangu mdogo," akasema. Nilimwambia asijisumbue.

Walinisindikiza wote watatu, yeye, mkewe na binti yao, kupita mkorosho wa mpaka hadi barabarani kwa bodaboda. Mke akanishikia kikapu mpaka nilipokaa vizuri, ndipo akanipa, chepesi, na mfuko wa korosho ndani yake.

"Karibu tena, Mama," akasema. "Hapa ni kwako."

Nilimtazama usoni. Nilingoja, safari hii kwa kweli, aseme neno jingine, aniulize swali lile la pili, hata mara moja tu. Alinipungia mkono.

"Asante, mwanangu," nikasema, na bodaboda akawasha pikipiki.