Kidonge cha Moyo na Pweza wa Chole

Miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanzishwa nilikuwa afisa wake wa vijiji huko kisiwani Mafia, na kazi yangu ilikuwa kuzungumza na watu mikutanoni. Kuzungumza na watu mikutanoni ndicho kitu pekee nisichokiweza. Mara ya kwanza kusimama mbele ya wavuvi wa kisiwa cha Chole, karatasi ilitetemeka mkononi hadi mzee mmoja wa mbele akaniuliza kama nasikia baridi. Wavuvi walinipigia kelele, nami nikasahau hata jina la kikao.

Nikaenda kwa daktari nikiwa na hakika kwamba nakufa. Akanipima, akaniuliza kama nina pumu, kisha akaniambia, "Moyo wako mzima kuliko wangu. Una woga tu." Nilichukia. Nimesoma mpaka chuo, halafu naambiwa nina woga kama mtoto wa chekechea! Akaniandikia propranolol, vidonge vya wenye moyo wa kwenda mbio, ninywe kimoja saa moja kabla ya mkutano. "Haviondoi woga," akasema. "Vinauzuia mwili usiutangaze."

Basi asubuhi ya mkutano wa pili, ndani ya boti ya kuvukia Chole kutoka gati ya Utende, nikameza kidonge changu kwa maji ya chupa. Nahodha akaniona.

"Dawa ya nini hiyo, dada?"

Ningeweza kusema ukweli. Lakini ugonjwa wa moyo una heshima yake, na woga hauna. "Ya moyo," nikajibu, tena kwa sauti ya unyonge kidogo.

Nilipofika kwenye kikao, habari za moyo wangu zilikuwa zimeshanitangulia kwa mdomo wa nahodha. Nikapewa kiti cha mto, kiti pekee cha mto pale. Nikaletewa dafu. Mwenyekiti wa wavuvi, yule aliyenifokea mara ya kwanza, leo alinong'ona kama yuko msibani. Nikasoma pendekezo: mwamba wa pweza ufungwe, usivuliwe miezi mitatu, pweza wapate kukua. Kidonge kilifanya kazi yake, karatasi ikatulia, sauti ikatoka imenyooka. Nikauliza nani ana neno. Hakuna. Wote wakaafiki, wakatia saini, na mimi nikatoka kichwa juu kama waziri.

Maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa kwenye mchanga, kwa hiyo ikanibidi ningoje. Pwani nikamkuta bibi mmoja, mchokoaji pweza wa siku nyingi, anampigapiga pweza kwenye jiwe alainike. Alikuwamo mkutanoni, na saini yake ilikuwamo mkobani mwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Moyo waendeleaje?"

Nikasema haujambo. Nikaongeza, kwa kujisifu, kwamba leo tumeelewana vizuri.

"Hatukuelewana," akasema bila kuacha kazi. "Miezi yako hiyo yaanza Shaabani. Ramadhani yote mwamba umefungwa, Idi nayo hiyo. Sisi wanawake nguo za watoto za Idi zatoka kwenye pweza. Ungekuwa mzima tungekupinga. Lakini nani ampigie kelele mgonjwa wa moyo, aanguke hapa tubebe dhambi?"

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kalenda yangu ya ofisini haikuwa na Shaabani, nami mtu wa bara sikuwa nimeuliza. Na mkobani nilikuwa na saini za kijiji kizima, zilizotiwa kwa huruma. Ningezifikisha ofisini, nyumba nyingi zingeipokea Idi mikono mitupu, na bosi wangu angenipongeza. Sitaficha, nilifikiri kupanda boti na kunyamaza.

Nikamwomba bibi turudi sote kwenye kikao. Watu walikuwa bado hawajatawanyika, wanakunywa kahawa. Tangu nimeze kidonge saa nyingi zilikuwa zimepita, na nguvu yake ilishaanza kuisha. Nikasimama hivyo hivyo.

"Mimi si mgonjwa," nikasema. "Moyo wangu mzima. Ile dawa nainywa kwa sababu nawaogopa."

Wakanitazama. Mwenyekiti akaweka kikombe chini.

"Watuogopa sisi?"

"Ninyi."

Nilitegemea wacheke, na wachache walicheka. Bibi akatandika kanga yake vizuri kwenye mkeka, akanisogezea nafasi. Kiti cha mto kilikuwa kimeshaondolewa.

"Basi kaa hapa, mwanangu," akasema, "tukugombeze."

Wakanigombeza hadi alasiri, kwa zamu, na mwenyekiti akapata zamu mbili. Mikono ilinitetemeka yote miwili, na tarehe mpya, za baada ya Idi, nikaziandika kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Zilisomeka.