Siku Baba Alipomwacha Mjomba Nje ya Timu

Juzi fundi alikuja kuipaka mafuta ya kitani milango ya nyumba yangu ya Mabela, na harufu ile nzito, kama ya karanga zilizoanza kuchacha, ikanisimamisha ukumbini na kikombe cha chai mkononi. Wengine harufu hiyo huwakumbusha useremala. Mimi hunikumbusha kriketi, na ule msimu niliomshuku baba yangu mzazi kuwa ni mtu mwenye husuda.

Tulikuwa tukikaa na bibi Matrah, mji wa bandari huku Uarabuni, katika nyumba ya kupanga yenye ngazi za kukata pumzi, tangu tulipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Haya ninayokuhadithieni yalitokea mwishoni mwa mwaka wa sitini na tisa, Waaustralia walipokuwa India wakicheza. Nilikuwa na miaka kumi. Baba hakubeba mengi tulipohama, lakini gongo lake la kriketi alikuja nalo, na kila Alkhamisi aliketi mkekani akilisugua mafuta hayo kwa kitambaa, polepole, mpaka mama aseme, "Lau mgongo wangu ungekuwa unausugua hivyo, ungekwisha kupoa zamani."

Alasiri alikuja Mzee Jamnadas, jirani yetu Mbaniani mwenye duka la vitambaa, akiwa amekumbatia redio yake kama mtoto mchanga. Kriketi ilitangazwa kwa Kihindi na Kiingereza, na baina ya maneno palikuwa na mikoromo kama ya mtu anayekaanga samaki. Akishafika Jamnadas, hushuka kutoka darini Mjomba Nassor, mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi nasi. Alitujia alfajiri moja kutoka upande wa Sur, miguu imejaa vumbi, na hakuna aliyenieleza amekuja vipi. Niliambiwa tu nisimtajetaje mbele ya wageni, na mimi nikadhani ni kwa kuwa alikuwa hajaoa.

Mabishano yao yalikuwa juu ya manahodha wa Australia. Baba alimpenda yule wa mwanzo wa miaka ya sitini, aliyethubutu kushindwa ili apate kushinda. Jamnadas alimtaka aliyemfuata, mpole asiyebahatisha. Mjomba hakumwamini hata mmoja.

"Wote wanavutia kwao," alisema. "Kijana wa jimbo la nahodha akipiga vizuri mara moja, keshaingia timu. Wa jimbo jingine atapiga mpaka mikono ifanye sugu, na jina lake hulisikii."

"Na wewe umejuaje kama yupo, ikiwa jina lake hulisikii?" aliuliza Jamnadas.

"Ndiyo nnavyokwambia! Tunawapima walioteuliwa tu. Waliowachwa nani kawapima?"

Baba alicheka akasema nahodha mwenye warushaji wazuri huonekana ana akili hata akiwa mpumbavu, kwa hivyo kulinganisha manahodha ni kazi bure. Kisha wakaendelea kulinganisha mpaka Magharibi.

Timu yetu ya Matrah ilikuwa mchanganyiko wa watu waliotoka Unguja na Wahindi wa sokoni, na baba ndiye aliyekuwa nahodha. Wakaalikwa na Waingereza wa kambini wakacheze nao Ruwi, kwenye uwanda wa changarawe. Kila mtu alijua kuwa Mjomba Nassor ndiye mpigaji bora tuliyekuwa naye. Tulipokuwa tukicheza kwenye bonde kavu nyuma ya nyumba, mipira yake tuliifuata mpaka mlimani.

Siku moja kabla ya kwenda, baba aliwataja wachezaji mbele ya watu wote, pale barazani kwetu. Jina la mjomba halikutoka.

Mjomba alimsogelea, kama mtu aliyedhani amesikia vibaya. "Shemegi, umenisahau."

"Sijakusahau."

"Basi kwa nini?"

"Safari hii hapana, Nassor." Baba alikuwa akiangalia vidole vyake.

"Semeni, jamaa!" Mjomba aliwageukia wengine. "Huyu ndiye anayemsifu nahodha jasiri! Mtu anaogopa kupitwa na shemegi yake!"

Hakuna aliyemtetea baba. Hata Jamnadas aliinuka mapema na redio yake. Mimi nilimtazama mama, maana aliyetukanwa na aliyetukana wote walikuwa wake, nikaona hakukasirika. Alikuwa akichambua mchele, na mikono yake ilikuwa na haraka. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimewasikia yeye na baba wakinong'ona nyuma ya pazia, na nilipoingia kutaka maji walinyamaza wote wawili. Nikajua kuna jambo, na nikaamua kuwa jambo lenyewe ni baya, na ni la baba.

Asubuhi yake baba alinichukua pamoja na timu kwenda Ruwi. Nilikaa chini ya kivuli cha lori nimenuna, nikiomba apigwe mpira wa kwanza tu atoke. Na kweli hakukaa sana, akatolewa mchezoni. Nikafurahi.

Wakati wa mapumziko ya chai walitokea askari wawili wenye bunduki, wa serikali, si wa Waingereza. Walipita kwa wachezaji waliotoka Unguja tu, mmoja mmoja, wakimuuliza kila mtu jina la babake, ameingia lini, na nani alimpa ruhusa ya kuingia. Nilimwona baba akijibu huku jasho likimtiririka, na jua lilikuwa la Disemba, wala halikuwa kali. Kisha askari mmoja akaja kwangu, akachutama.

"Ya bint," aliniambia kwa Kiarabu cha upole, "nyumbani kwenu mnalala nani na nani?"

Kule mbali baba aliganda na kikombe mkononi. Mimi sikujua lolote. Nilichokijua ni kwamba mjomba wangu, fundi wa wote, alikuwa amelala darini uso umeelekea ukutani, ameachwa kama mtoto, na sikutaka mtu yeyote wa uwanja ule ajue aibu hiyo.

"Mimi na baba na mama na bibi," nilijibu.

Askari akanipapasa kichwa, akaenda zake.

Tulishindwa vibaya. Jioni ile mjomba hakula nasi, na haikupita wiki akadandia lori la Sohar kwenda kutafuta kazi Dubai, bila kumpa baba mkono. Mama alilia. Baba alikaa kwenye ngazi, wala hakuinuka kumzuia, na mimi nikasema moyoni: naam, ndivyo alivyotaka.

Mwaka uliofuata mtawala akabadilika, na watu waliotawanyika wakaanza kurudi. Mjomba naye alirudi, amenenepa, ana saa mpya, akamwamkia baba kwa baridi. Wakati wa chakula mama akashindwa kuvumilia. Alimweleza kuwa kabla ya mchezo ule jirani mmoja, ambaye mumewe alifanya kazi kwa liwali wa mji, alimtonya yeye mama: askari wanamtafuta kijana aliyeingilia Sur bila ruhusa, na wanajua anacheza kriketi.

"Sasa mbona hamkunambia?" mjomba aliuliza.

"Ungejua, ungelala hapa hata usiku mmoja?" alisema mama. "Ungetoka ili usitutie hatiani, uende ukakamatwe njiani."

Mjomba aliusukuma mkono wake ndani ya wali, asiule. Baadaye akamtazama baba. "Na lau ningekuwa na ruhusa, ungenianzisha wa kwanza kupiga?"

Baba alifikiri kweli. "Wa nne," alisema. "Wa kwanza anataka subira. Wewe huna."

Mjomba akaangua kicheko, akaanza kula. Nadhani ni jibu hilo lililomfanya ayaamini mengine yote, maana mtu anayekubembeleza angesema wa kwanza.

Mimi ilinichukua miaka zaidi. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa ule ugumu wa kukaa barazani, watu wote wakikudhania ubaya, binti yako akiwa miongoni mwao, na neno moja la kukusafisha unalo mdomoni, usilitoe. Siku niliyomwambia baba kwamba nilimshuku, hakushangaa. "Nlikuona," alisema. "Ulifurahi nlipotoka."